Mnioshe kwa Maji Matupu

Funga huo mlango, mkubwa wangu, uje ukae hapa karibu na kichwa changu, na wewe mwanangu wa kiume usijifanye unatafuta chaja ya simu, kaa kwenye kigoda hicho, maana nitakayosema ni ya wanawake lakini yanakuhusu kuliko unavyodhani. Mdogo wenu atabaki amesimama, najua, wauguzi hawajui kukaa. Nawe mkwe wangu kaa kitini unyooshe miguu, mimba ya miezi saba si ya kusimama nayo. Sauti yangu mnaisikia ilivyo, kwa hiyo nisikilizeni bila kunikatiza. Daktari aliwaambia juzi hapo nje kwamba figo zangu zimekwisha, nikasikia, dirisha lilikuwa wazi, basi tusidanganyane kwamba keshokutwa nitaamka nipepete mchele.

Naanza na mali kwa sababu ni chache. Nyumba hii ni yenu watatu, wala isiuzwe mkubwa wenu akiwa hai, kwa sababu yeye ndiye asiye na pengine pa kuweka cherehani yake. Redio ya baba yenu apewe huyu wa kiume, aliyeivunja akiwa na miaka tisa na kuitengeneza akiwa na kumi na tisa. Kabati la nguo ni la mkwe wangu, na bawaba ya mlango wa kushoto inataka skrubu mpya. Kimebaki chumba cha uani, na hicho ndicho kilichonifanya niwaite.

Mnakijua, mmekulia humo. Rafu nne, masufuria mawili makubwa, jiko la mkaa, chujio la kitambaa cheupe. Kwa miaka thelathini na minne nimechemsha mle majani ya mwarobaini, nikatia chumvi, siki, ndimu na shabu iliyosagwa, nikachuja, nikajaza chupa. Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma, ushungi umeshushwa mpaka puani, wananong'ona, "Mama Chupa, nipe ile ya kawaida," nami naelewa. Hawakutaja kitu, nami sikukitaja. Nina miaka sabini na mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza nasema mbele ya mwanangu wa kiume neno uke, maana ndiko walikokuwa wakiosha kwa maji yale, na hilo ndilo jina lake. Usitazame dari, mwanangu. Dari haijakuita.

Mnakumbuka yule muuza maandazi aliyedondosha chupa yake mlangoni? Alirudi wiki iliyofuata anacheka, akasema, "Mama Chupa, pale ilipomwagika saruji imeng'aa kama sahani ya harusi, hebu niongezee moja ya sakafu." Nilicheka naye mpaka nikashika mbavu. Sikujiuliza kinachong'arisha saruji kinafanya nini kwenye nyama ya mtu.

Lakini chupa haikuwa kosa la kwanza. Kosa la kwanza lilikuwa neno. Mwanamke akiona majimaji kwenye nguo yake husema anatokwa na uchafu. Mama yangu aliniambia hivyo, nami nikawaambia ninyi. Sasa mtu ukimwambia ana uchafu, atafanya nini kama si kuosha? Ataosha nje, ataosha ndani, ataosha kwa sabuni, na asiporidhika atatafuta kikali zaidi, na mwenye kikali zaidi mtaa mzima nilikuwa mimi.

Huyu muuguzi alikuwa na miaka kumi na mitatu aliponifuata jikoni, siku ya Jumanne, nachambua maharage, akaniambia, "Mama, naona kama ute kwenye nguo, hauumi wala hauwashi." Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Huo ni uchafu, kaoshe." Akasimama pale. Akauliza, "Mate nayo ni uchafu, mama? Machozi je?" Nilimpiga kofi. Maharage yakamwagika, akaniokotea moja moja bila kulia, na nadhani siku hiyo ndiyo aliyoamua kwenda kusomea majibu ambayo mimi sikumpa.

Aliporudi nayo sikuyataka. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Alisimama mlangoni pa chumba cha uani na sare yake, akasema, "Mama, ule ute ni mlinzi. Ndani mle mna vijidudu vyema vinavyozuia vibaya, na mwili unajisafisha wenyewe. Hiyo siki yako inaua walinzi na kuacha mlango wazi." Nikamwambia amesoma mpaka amemsahau aliyemlipia ada. Nikamwambia asirudi mpaka ajue kuomba radhi. Hakukanyaga hapa miaka sita, na mimi nilimwambia kila aliyeuliza kwamba kazi zimembana. Mwanangu, radhi nilikuwa nayo mimi ya kuomba. Naiomba leo mbele ya ndugu zako. Usinijibu, nitapoteza nguvu.

Mjue nilivyoamini mwishowe, maana sikuamini kwa maneno. Kwa miaka minne nilikuwa na muwasho ambao sikumwambia mtu. Nilijiosha kwa maji yangu mwenyewe asubuhi na jioni, nikitoka uani natembea kama nimekanyaga makaa, kisha naingia ndani nakunywa chai yangu ya vijiko vinne vya sukari. Mwezi ule nilipoanguka na kulazwa, mkaambiwa nina kisukari cha siku nyingi, ni huyu muuguzi aliyeniogesha. Akaona. Hakunisema. Aliniosha nje tu kwa maji matupu, akamwita daktari, nikapimwa, wakasema ni fangasi, na sukari iliyozidi mwilini ndiyo inayowalisha. Nikapewa dawa ya siku chache, nikakatazwa sukari, nikala mboga, dagaa na mtindi usiotiwa kitu, na wiki ya tatu muwasho wa miaka minne ukawa umekwisha. Nililala chali wodini nikihesabu chupa. Nilikuwa nikiwapa wenzangu moto, na mwenyewe naungua.

Kwa hiyo, wanangu, haya ndiyo mtakayosema wanawake wakibisha mlango wa nyuma, maana watabisha hata nikiwa sipo. Msiwaambie dawa hakuna na kuwafungia. Mkalisheni mtu, mpeni mtindi, na mtindi unapita mdomoni, si kwingine, haujathibitishwa kuwa tiba, lakini ni chakula chema na amekuja kwa miguu. Kitunguu saumu ni cha mchuzi. Yule dada wa saluni aliyekiweka kule kwa sababu nilimwambia kinaua kila kitu alikaa kwenye beseni la maji baridi siku mbili, naye bado ananisalimia kwa heshima, jambo linaloniumiza kuliko angenitukana. Waambieni wavae nguo za ndani za pamba, wazianike juani na si nyuma ya mlango, wajifute kutoka mbele kwenda nyuma, wakinywa maji wanywe ya kutosha. Kisha mumuulize rangi, harufu, muwasho, na kama tumbo la chini linauma. Ute wa kila siku usio na neno, mwambieni ni mwili wake unafanya kazi. Ukibadilika, aende hospitali akapimwe, na mumewe aende naye, kwa sababu kumtibu mmoja kati ya wawili ni kazi bure.

Mkwe wangu, sasa nakuja kwako, na ndiyo sababu ya kuwaita asubuhi yote hii badala ya kungoja jioni. Jumapili mliponitoa uani niote jua, mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikaona pengo kwenye rafu ya chini, chupa kumi na moja zimekuwa kumi. Nikasema labda. Leo umeinama kunipangia mto, nikasikia siki. Usiseme hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Mwaka jana, kwa ule ujauzito wa kwanza, ulipolalamika unawashwa, nilikupa chupa mbili kwa mikono yangu na kukuambia mjamzito lazima awe safi, na yule mtoto akaja mimba ikiwa ya miezi sita, akaishi dakika chache tu. Nimemuuliza muuguzi kama ni mimi. Amesema hakuna anayeweza kusema kwa hakika, ila maambukizi yasiyotibiwa yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati, na kujiosha ndani hukaribisha maambukizi. Amesema kwa upole, na upole wake nimeuelewa.

Ulijiosha kwa aibu, kwa sababu ya lile neno langu. Ninachokuomba kabla sijafa ni kimoja. Inuka. Ni saa tatu na nusu, kliniki inapokea watu mpaka saa sita. Wifi yako anakupeleka, nimeshapanga naye. Ukifika usiwaambie umechoka tu. Waambie unawashwa, waambie na chupa, sema ni ya mama mkwe, nisemeni nilivyo. Na wewe mwanangu nenda ndani na mkeo upimwe, usibaki kivulini kama aliyesindikiza gunia.

Unasema unaniachaje hivi? Niache hivi hivi. Ukikaa hapa unishike mkono mpaka jioni utakuwa umenistahi mimi na kumsahau aliye tumboni, na hiyo heshima siitaki. Nimekwisha kukuaga. Sogea nikuguse tumbo. Haya. Piga hatua.

Wametoka? Rudishia mlango.

Mkubwa wangu, tumebaki wawili, na nimezungukazunguka kote huko kwa sababu nilikuwa naogopa kufika hapa. Unipe muda, pumzi inakuja nusunusu.

Uliolewa na miaka ishirini na mitatu. Mwezi wa tatu wa ndoa ukaja, ukasimama pale penye mtungi, ukasema, "Mama, tumbo la chini linauma, na natokwa na uchafu." Neno langu hilo, ulilitamka kama nilivyokufundisha. Nikakupa mbili. Ukarudi, harufu imekwisha, maumivu yapo. Nikasema, "Basi huoshi vizuri." Nilikwambia hivyo miaka miwili. Harufu ilikuwa inatuita twende tukaangalie, na mimi kazi yangu ilikuwa kuinyamazisha. Ugonjwa ukapanda. Mpaka homa ikakuangusha, hospitali wakasema mirija yako imeziba, na kwamba ulichoambukizwa kingetibika kwa vidonge kama ungekwenda mapema. Mumeo alikuwa amekwisha kujitibu kimyakimya duka la dawa. Akakuacha kwa sababu huzai. Nami nilipoulizwa na watu nilisema ni mapenzi ya Mungu. Nilimsingizia Mungu, mwanangu. Ilikuwa mimi.

Ukarudi nyumbani ukaniomba kazi, nikakupa kufunga uzi wa buluu kwenye shingo za chupa. Uzi wa cherehani yako. Miaka yote hiyo ulifunga mafundo kwenye chupa zilizokuharibia maisha, nami nikakusifu kwamba mafundo yako ni mazuri. Na mdogo wako alipokuja na ukweli, wewe ndiye uliyesimama kati, ukamwambia, "Usimkosee mama adabu." Sikuwa na haki ya kutetewa na wewe. Nilijua hata siku ile, mahali fulani ndani nilijua, nikakuacha unitetee.

Jana jioni nilisikia kifuniko cha sufuria. Unachemsha. Umedhani ukiendeleza kazi yangu utakuwa umenienzi. Usifanye hivyo. Ufunguo wa pili uko chini ya mto huu, upande wa ukutani. Chukua. Mwaga zote kwenye sakafu ya uani, uing'arishe hiyo saruji, basi. Rafu weka vitambaa vyako. Dirisha la mle linapata mwanga mzuri, utaona tundu la sindano bila miwani. Na daftari langu, kurasa za mchanganyiko uzichane. Mwishoni mna kurasa tatu mpya, mwandiko wa mdogo wako, maneno nimesema mimi. Hizo zibaki.

Sikuombi unisamehe leo. Ukiweza siku moja, uwe umekaa mle unashona, mwanga unaingia... itanifikia.

Unalia. Usifute. Aliniuliza yule mtoto, machozi je, mama... Si uchafu. Mate si uchafu. Nimechelewa miaka ishirini na sita kumjibu. Mwambie.

Kinywa kimekauka. Nipe kijiko. Hapana, usitie kitu... hivyo hivyo.

Mkiniosha, mnioshe kwa maji matupu. Kisiguswe kitu cha kwenye rafu. Nisiende na ile harufu.

Mungu akutunze, wewe uliyebaki. Awatunze waliokwenda. Mikono yenu iwe... iwe na baraka, yako hasa. Njoo, weka kichwa hapa.

Wakirudi, uliza kwanza walichoambiwa. Kabla hujawaambia habari zangu. Uliza kwanza.

Na akiwa wa kike... msimpe lile neno.