Sabini au Themanini na Nane

— Sifungi chuma cha mbio kwenye gari la mke mjamzito, alisema Koleo.

— Gari ni langu.

— Na mke ni wako, na miezi imetimia.

Walianza kubishana asubuhi, na sasa jua lilikuwa utosini. Koleo ni fundi, na benchi wanalokalia liko ndani ya gereji yake, karibu na mlango. Lami ni dereva: siku za kazi hubeba abiria, Jumapili huenda uwanja wa mashindano kuzunguka kwa kasi ya mtu aliyeiba. Hajawahi kumpita mtu ila aliyeharibikiwa. Gari ni lile lile moja, na leo boneti iko wazi, themostati imetolewa. Yaani kile kidude cha shaba kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, ndipo kiyafungulie njia ya kwenda kwenye rejeta. Magotini pa Lami zilikuwapo mpya mbili. Ya mbio hufunguka kwenye digrii sabini, ya barabarani themanini na nane. Mkewe angeweza kujifungua siku yoyote, na Lami alikwisha kuapa mbele ya wakwe kwamba hospitali atampeleka mwenyewe.

— Ukifunga ya sabini, injini itashinda ikiwa baridi, alisema Koleo. Itakunywa mafuta kama imealikwa.

— Nikifunga hiyo nyingine, Jumapili mzunguko wa sita nachemka.

— Achana nazo zote, alisema Mama Birika, muuza kahawa. Maji yapite. Mlango wa nini kwenye nyumba isiyo na mwizi?

— Kweli kabisa, alisema Hewala, karani mstaafu.

— Hewala, si sasa hivi umesema Koleo ndiye mkweli? aliuliza Lami.

— Naye kweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inahusu nini?

— Rejeta iko chini.

Lami alijifuta jasho. Alijiona Jumapili akiongoza; papo hapo alimwona mkewe kando ya barabara, amekalia tairi la akiba.

— Nifunge zote mbili, alisema. Moja ya kwenda, moja ya kurudi.

— Basi maji yatauliza njia, alisema Koleo.

— Mimi ningeendesha kinyumenyume, alisema Hewala. Injini inakaa kivulini mwa gari lenyewe.

Walilifikiria hilo kwa heshima.

— Kwanza, ya sabini ni ipi hapo? aliuliza Mama Birika.

— Nimeitia alama ya chaki, alisema Koleo.

— Chaki si ushahidi. Leteni birikani. Itakayotangulia kufunguka ndiyo ya sabini.

Zikatumbukizwa. Birika lilikuwa linatokota tangu mapema, kwa hiyo zote zilifunguka pamoja, na zilipotolewa zilikuwa zimepiga miayo, safi, hazina chaki.

— Sasa ipi ni ipi? aliuliza Lami.

Hewala alijimiminia kikombe, akaonja, akafumba macho.

— Hii ni kama themanini na nane.

— Ya mwisho hiyo, alisema Mama Birika, akainamisha birika. Kahawa imekwisha.

Hapo ndipo walipomwona mke wa Lami mlangoni, begi begani, mkono mmoja umeshika kizingiti.

— Baba watoto, uchungu umeanza.

Wote wanne wakainuka kwa mara moja. Benchi likainama upande, na kutoka chini ya mguu wake mfupi kikabingirika kidude cha shaba: themostati ya zamani, aliyoisukumia pale Koleo asubuhi ili benchi lisiyumbe. Lami akainama, akaiokota. Ilikuwa nzima, haina hata kutu.

Mkewe alisubiri upite. Aliitazama ile mkononi, akazitazama zile mbili zinazotoa mvuke wa kahawa, kisha gari lililoachama.

— Hiyo iliyonibeba juzi na jana, alisema, ilikuwa na kosa gani?