Kigari Hawakipati

HALINA: Haloo? Nani mwenzangu? Niko kwenye usukani, sema upesi.

ZENON: Mimi, dada. Zenon. Hujambo?

HALINA: Sijambo. Mbona unapigia simu ya duka?

ZENON: Yangu imezima. Uko—

HALINA: Barabara ya kiwandani. Theluji imefika magotini.

ZENON: Na kigari unacho.

HALINA: Sasa piza ishirini na mbili za zamu ya mchana nizibebe kichwani?

ZENON: Geuza, dada. Rudi nacho.

HALINA: Kuna nini?

ZENON: Wale watu wa kampuni kubwa ya piza wapo hapa. Wamekuja na gari la kukokota, wakichukue.

HALINA: Si walitaka kukinunua, tukakataa?

ZENON: Ulikataa wewe.

HALINA: Tulikataa wote, mezani kwa mama, na wewe ukitafuna.

ZENON: Wanasema watakitunza ghalani, ili wengine wasiige lile tanuri lake.

HALINA: Watakizika, sema hivyo. Misimu miwili mizima ya baridi marehemu baba alichomelea vyuma gereji, mimi nikimshikia taa. Kiti kimoja, tanuri ubavuni, piza inamfikia mtu jibini bado inachemka. Leo wakakifungie?

ZENON: Mkataba umeshatiwa sahihi.

HALINA: Na nani? Baba alituachia sisi wawili. Bila sahihi yangu hakuna—

ZENON: Sahihi yako ipo.

(Mtandao unakwaruza.)

HALINA: Rudia.

ZENON: Ipo, dada. Chini ya yangu.

HALINA: Sijashika kalamu mimi.

ZENON: Najua.

HALINA: Kwa nini, Zenon?

ZENON: Nimechoka, Halina. Theluji, unga, gereji ya mzee. Nilitaka nikaanze maisha kwingine.

HALINA: Ungeniambia hivyo. Ningekufungia virago mwenyewe.

ZENON: Ukikataa kukirudisha, wanasema wataita polisi. Utaitwa mwizi.

HALINA: Waite. Waambie ni kigari chekundu chenye pua kama ya nguruwe, kiko geti la kiwanda, na mwenyewe anagawa chakula. Sikimbii.

ZENON: Dada, tafadhali—

HALINA: Hao mabwana wako wapi?

ZENON: Hapa mezani. Wanakunywa kahawa.

HALINA: Wageukie. Waambie nani aliandika jina langu.

ZENON: Watanipeleka mahakamani.

HALINA: Wakikupeleka, nitakaa kando yako mpaka mwisho. Lakini kigari hawakipati. Nimefika getini sasa. Usikate simu. Nataka kusikia.

(Kwa mbali, vikombe.)

ZENON: Mabwana... samahani. Hiyo sahihi ya pili si ya dada yangu. Niliiandika mimi. Yeye hajauza, na hauzi.

(Kiti kinaburuzwa.)

HALINA: Wanasemaje?

ZENON: Mkubwa wao anakunja karatasi. Mwenzake... anavaa koti. Anasema nitasikia kutoka kwa wakili wao.

HALINA: Tutasikia. Sisi wawili.

ZENON: Wametoka, dada. Gari la kukokota linaondoka tupu.

HALINA: Vizuri. Hapa wafanyakazi wameshapanga foleni, acha nifungue tanuri. Zamu ya jioni nao wanataka kumi na tano.

ZENON: Halina... bado nina kazi hapa dukani?

HALINA: Nitakugombeza nikifika, na nitakugombeza vizuri. Saa hizi kanda unga. Haya, nakata.