Imezunguka au Imejisokota?

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makasha mawili ya mota zilizokufa, nje ya duka la Koili, ng'ambo ya ukuta wa hospitali ya wazazi. Mimi nauza kahawa hapo tangu ukuta ule haujapakwa rangi hata mara moja, na nimeshausikia kila uongo unaoweza kutoka kwa mwanamume aliyekaa. Siku hiyo walikuwepo Kamusi, ambaye mali yake yote ni maneno. Bomba, fundi wa mabomba. Na Sindano, fundi cherehani. Koili mwenyewe, yule anayezirudishia waya mota zilizoungua, hakuwa kafungua duka. Alitoka hospitali mbio, akavuka barabara, akakaa, akatoa kipande cha waya wa shaba mfukoni akaanza kukizungusha kidoleni. Nikammiminia. Hakunywa.

— Vipi, mwanangu? Mkeo kajifungua?

— Bado, Bibi. Wamempiga picha. Nesi anasema kamba ya kitovu imekoili shingoni kwa mtoto. Daktari anataka kumpasua sasa hivi, na mke wangu kasema hapasuliwi mpaka mimi niseme sawa.

— Umesema?

— Nimesema nitoke nipumue kwanza.

Kamusi akaweka kikombe chini. Neno limeshamkamata.

— Imekoili. Hilo la Kiingereza. Kwetu ni kitu gani? Imezunguka? Imejiviringa? Imejisokota?

— Si yote yaleyale? akasema Sindano.

— Yaleyale wapi! Nyoka hujiviringa, na akitaka hujikunjua akaenda zake. Njia hupinda, umesikia wapi njia imejisokota? Kilichozunguka hutokea palepale kilipoingilia. Kilichojisokota, mpaka ukate. Koili, nesi alisema lipi?

— Alisema koili.

— Ndiyo shida ya kuazima maneno, huletewi na maelezo yake.

— Huo ni mpira wa maji tu, Bomba akadakia. Ukijikunja, maji hayapiti. Ukiuvuta kwa nguvu, ndiyo unajifunga kabisa. Na wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba.

— Bomba! nikamkemea. Funga huo mdomo, unavuja.

Koili akatikisa kichwa.

— Nyie hamjui. Koili nazijua mimi. Waya ukilala vizuri, kila mzunguko ubavuni mwa mwenzake, mota inaimba. Ukichubuka, miwili ikagusana, kabla hujanusa moshi imeshaungua. Na nesi kasema ni miwili, Bibi. Mizunguko miwili.

— Mtoto si mota. Wangu wa tatu alikuja na kamba shingoni, mkunga akaipitisha juu ya kichwa kama anamvua mkufu.

— Akapona?

— Si ndiye yule anayenadi viatu kona ya chini? Kelele zake huzisikii mpaka hapa?

Wenzake wakacheka. Koili hakucheka.

— Wako alikuwa ashatoa kichwa. Wangu yumo ndani, na kila uchungu ukibana, mapigo yanapungua. Nimeyasikia kwenye mashine. Yanakwenda, yanakwenda, halafu yanajivuta kama mzee anapanda ngazi.

— Basi si ndiyo maana wanataka kumtoa?

Kabla hajanijibu, Sindano kaingia kati.

— Haraka haraka haina baraka. Kwanza tujue chanzo. Koili, jioni ukiwa unarudishia mota, nani alikuwa anakushikia roli ya waya?

Koili akaukaza waya kidoleni.

— Mke wangu.

— Na tumbo lake?

— Na tumbo lake.

— Umeona? Mtoto yumo mle anatazama waya unazunguka, jioni hadi jioni. Samaki mkunje angali mbichi. Naye kajikunja.

— Alikuwa anatazamia dirisha gani? nikauliza.

Nani anisikilize! Koili rangi ilimtoka usoni, na vidole vyake havikuacha kazi: waya unazunguka, unakaza.

— Hapo kuna jambo, akasema Kamusi. Kila kitu kina upande wake wa kuzungukia. Maharage yakipanda mti, yabandue uyazungushe kinyume: kesho unayakuta yamerudi kulekule. Swali ni hili, kamba ya mtoto imezungukia kulia au kushoto?

— Dawa yake ndogo sana! Bomba akasimama. Nati iliyokazwa kulia hulegezwa kushoto. Mkeo ashuke kitandani, ashike ukuta, azunguke kinyume. Taratibu. Itajifungua yenyewe.

— Azunguke mara ngapi? akauliza Koili.

Wanangu, hebu fikirini. Mtu mzima, mwenye akili zake, fundi anayeaminiwa mtaa mzima, anauliza mara ngapi.

— Mara mbili, si mizunguko miwili? akasema Kamusi. Ila mkikosea upande, inakuwa minne.

— Koili, mwanangu, tazama kidole chako.

Hakutazama. Kidole kimeshakuwa cheusi kama bilinganya.

— Upande upi? akasema, na tayari kanyanyuka. Niambieni upande upi nikawaambie.

Kamusi akasema kulia. Bomba akasema kushoto, akala na kiapo. Sindano akataka kwanza ijulikane nesi alikuwa kasimama upande gani wa kitanda.

Sasa, kulikuwa na mtu kasimama nyuma ya birika langu, mgeni, ana chupa ya chai mkononi anangoja nimjazie ampelekee mkewe. Akawatazama mmoja mmoja.

— Samahanini. Huyo mama mnayemsema, saa hizi yuko na nani?

Kamusi akanyanyua kikombe chake akanywa, nacho kikavu. Bomba akarudi kukaa. Sindano akajifanya anatafuta kitu miguuni. Nami birika mkononi, kahawa inamwagikia nje ya chupa ya mwenyewe.

— Mama yake hajafika, bado yuko njiani, Koili akasema kwa sauti ndogo. Na dada yake... Mke wangu aliniambia usikawie.

Akauchomoa ule waya kidoleni, akavuka. Gari lilimpigia honi, hakugeuka. Tulimsikia tokea getini:

— Sawa! Mwambieni daktari nimesema sawa!

Waya ulibaki juu ya ubao, umeshika umbo la kidole.

Hakuna aliyeuliza umbo hilo linaitwaje. Tulikaa tumeinua nyuso kwenye dirisha la juu la hospitali, lenye pazia la kijani. Mle vilio havikatiki. Kila mtoto akilia, Sindano anashtuka:

— Huyo!

— Siye, nikamwambia. Huyo ana siku zake kadhaa, anadai ziwa. Tulia.

Akilia mwingine:

— Je, huyo?

— Tulia, nimekwambia.

Kahawa ikaisha. Hakuna aliyeondoka. Jua likahama ubaoni likapanda ukuta wa hospitali, na bado tumekaa.

Mara Koili huyo, getini. Hakuvuka. Alisimama ng'ambo ileile, shati limemganda mgongoni, akaniita kwa sauti ya kukatikakatika:

— Bibi! Nipe mtandio wako. Kuna mgeni kafika hana nguo.