Mzee Dakika na Mlango wa Kitivo cha Sheria

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi saa. Malezi hayo yalimkaa. Mlioishi naye mnajua, na wengine yaliwatoa jasho. Alisoma hadi darasa la nane, babu akafariki, masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa mhudumu wa kitivo cha sheria katika chuo kikuu cha umma, wakati huo wanafunzi kumi na wawili ndani ya ghala la zamani la mbegu. Kwa miaka thelathini na saba alipiga kengele ya mitihani, na wanafunzi wakamwita Mzee Dakika. Ikishalia saa tatu, anashusha komeo. Uliye nje, ndiyo basi, mpaka mwakani. Mwaka 1983 alimfungia nje mtoto wa waziri. Simu zilipigwa weee! Komeo halikupanda.

Hadi leo watu hujiuliza: paa linavuja, vitabu havitoshi, mbona mahakimu wanawaamini sana wanasheria wa pale? Maprofesa husema sababu ni maprofesa. Nilimuuliza Baba. "Mimi najua mlango tu," alijibu.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alifika nusu saa kabla, akihofia kufungiwa nje.

Mwaka 1998 mimi, binti yake, nikisoma sheria palepale, nilichelewa mtihani wa mwisho kwa dakika mbili. Niliita "Baba! Baba!" nikagonga hadi mkono ukavimba. Hakufungua. Nilipoteza mwaka mzima, na kwa miezi miwili sikumsemesha. Siku moja akaniletea chai chumbani, akasema, "Mwanangu, ningekufungulia wewe, wale wengine ningewatazama vipi?" Baadaye msimamizi wa mtihani aliniambia kuwa siku ile Baba alisimama nyuma ya mlango saa zote tatu za mtihani, mkono kwenye komeo, machozi yakimtoka.

Alianza kuugua figo Agosti mwaka jana. Alifariki tarehe 9 mwezi huu, saa tisa na dakika saba alasiri. Muuguzi aliandika saa tisa, tulimwomba asahihishe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na saa tano za ukutani zinazokwenda sawasawa.

Ratiba mliyoshika inasema jeneza lifungwe saa tano kamili. Nimemwomba kaka yangu asubiri dakika mbili. Najua ungekataa, Baba. Niwie radhi, leo mlango nimeushika mimi.

Pumzika kwa amani.