Mtaro Uliochimbwa na Kiingereza Changu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona walioitikia kwa nguvu ni wageni. Ninyi mlioshika majembe mwaka ule mmeguna tu, na mna haki.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hedaru kwangu ni ughaibuni, na nikishuka Same kununua chumvi narudi kabla kivuli changu hakijauzoea mji. Lakini nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na huku milimani, enzi zile za foleni za sabuni, cheti hicho kilikuwa joho. Nilikivaa hata nikilisha mbuzi.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa, na kila kitu kikaja na maandishi ya Kiingereza: redio, dawa ya mifugo, hata sabuni. Mkaniletea makaratasi yenu, nami nikawasomea. Ndugu zangu, sikuwa nasoma! Nilikuwa nakamata maneno mawili ninayoyajua, katikati najaza kwa imani.

Ndipo ikaja barua kutoka kwa usharika rafiki wa ng'ambo. Mchungaji alikuwa safarini, mzee wa kanisa Mbonea akanikabidhi mimi mbele ya watu wote. Nikaona maji. Nikaona mabomba. Nikaona kanisa na maombi. Nikainua macho kama nabii nikatangaza: "Wenzetu wanatuletea mabomba ya maji!" Vigelegele!

Msaragambo ukaitwa. Kila nyumba ikatoa mtu, tukachimba mtaro kutoka kwenye chemchemi hadi hapa kanisani, wiki tatu, mawe matupu. Bibi Nakundwa, ambaye goti lake lilishastaafu zamani, alichimba kipande chake mwenyewe akakataa kusaidiwa. Yeye ndiye aliyekuwa akishuka bondeni na ndoo asubuhi na jioni.

Mchungaji akarudi, akaisoma barua, akaniita pembeni. Wale ndugu walikuwa wanabadilisha mabomba ya kanisa lao wenyewe, yaliyopasuka kwa baridi. Walituomba tuwaombee. Basi!

Niliungama hapa hapa niliposimama. Nilitegemea fimbo, mkanipa kicheko, na kicheko kinauma zaidi. Vijana wakaubatiza mtaro jina: Kiingereza. "Shikamoo mjomba, mbuzi wako katumbukia kwenye Kiingereza!" Nikawa naitikia marahaba huku nimeinamisha kichwa.

Bibi Nakundwa peke yake hakucheka. Alisema: "Mtaro upo. Hao watu waandikiwe, waombwe mabomba. Na aandike huyu huyu aliyetuchimbisha." Mchungaji akakubali, ila akasema ataisoma barua kabla haijaondoka. Nilitamani mtaro unimeze.

Nikaanza kusoma. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Nilisoma riwaya niliyoiokota gulioni Same, haina jalada wala kurasa za mwisho, hadi leo muuaji simjui. Kila neno gumu nikalipigia mstari, nikalitazama kwenye kamusi ya kuazima, nikatikisa kichwa kama msomi. Baada ya miezi miwili nikamwambia mke wangu nimeiva. Mama Niwaeli hajui Kiingereza, lakini mimi ananijua. Akachukua gazeti akalifunika kwa kanga. "Haya, niambie yaliyomo."

Ndugu zangu, kichwa kilikuwa debe tupu! Yale maneno nilikuwa nayatambua tu, kama ninavyotambua ng'ombe wa jirani. Kumtambua siyo kummiliki.

Siku ile ndiyo niliyofunguliwa. Nikakata madaftari ya zamani vipande vipande: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Tukatafuta makopo mawili. Moja tukaliita la aibu, la pili la wokovu. Asubuhi nikikamua mbuzi, Mama Niwaeli anakaa kwenye kigoda ananisomea Kiswahili, mimi namjibu kwa Kiingereza, kisha natunga sentensi ya mambo ya hapa hapa nyumbani. Nikikwama, kipande kinaingia kopo la aibu. Nikipata leo, bado haitoshi. Ataniuliza keshokutwa, ataniuliza wiki ijayo, nikipata mara zote ndipo neno linaokoka. "Halibatizwi neno kwa siku moja," ananiambia, na mbuzi anamuunga mkono.

Mwaka mzima! Kisha nikaandika barua. Nikawaeleza yote, hata uongo wangu, hata goti la Bibi Nakundwa. Mchungaji akasahihisha sehemu tatu tu. Tatu, ndugu zangu!

Jibu lilipofika, mkanisimamisha tena. Wengine mmeshaanza kutabasamu. Nikasoma sentensi kwa sentensi: wamecheka, wamelia, mabomba watatuma. Halafu nikafika kwenye neno moja. Silijui. Shetani akaninong'oneza: ruka, nani atajua? Nikasema kwa sauti: "Hapa pana neno silijui. Nitalitafuta, Jumapili nitawaambia."

Bibi Nakundwa akajibu kutoka benchi la mbele: "Hayo mengine sasa nayaamini."

Nililitafuta. Ni vile viungio vya kuunganisha bomba na bomba, na walikuwa wanatuambia tuvinunue wenyewe. Ningeliruka neno lile, tungekuwa na mabomba yamelala mtaroni yanatazamana.

Leo maji yanatoka hapo nje, na ndoo ya Bibi Nakundwa imepandwa vitunguu. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye kujua kwa uongo. Namshukuru Mama Niwaeli na kanga yake. Nawe ndugu yangu unayeitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo usilolijua, mtegemee Bwana, hatakuaibisha kama unavyojiaibisha mwenyewe. Njoo nyumbani, siendi popote. Kopo la aibu bado lina nafasi, na asubuhi ya leo limenimezea maneno manne. Bwana asifiwe tena!