Salamu za Mama Loveness

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Leo nimeanza na salamu ya Kisukuma, na nina sababu. Tunamkumbuka Euphrasia Ndaki, wengi mkimjua kama Mama Loveness, mwenye duara kule machimboni Geita. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Tumemzika Jumamosi nyumbani kwao Songwa, na mimi nilikuwepo.

Nisiwadanganye. Huyu mama alikuwa na mdomo. Mtu wa winchi akichelewesha kamba, alifokewa mbele ya wenzake, yeye na ukoo wake. Mpishi akizidisha chumvi, vivyo hivyo. Binti yake, Loveness, ameniambia, "Mama akikohoa tu, watu walitafuta pa kupitia."

Basi mchana mmoja, wachimbaji wamepanda juu kula ugali, ukuta wa duara ukashuka. Shimo lote likafukiwa. Hakuna aliyeumia, maana wote walikuwa juu wanakula. Mama Loveness akauliza nani alijua kwamba matimba yameoza, yaani yale magogo yanayoshikilia kuta. Ndipo Nkwabi, fundi wa matimba, akasema, "Tulijua wote, mama. Tuliogopa mdomo wako kuliko duara."

Wasikilizaji, aliketi pale pale kwenye kifusi akalia. Hakulilia shimo. Alilia kwa kuwa watu wangekufa kwa kumwogopa yeye.

Hakubadilika kwa siku moja, tusiongopeane. Alikumbuka jinsi mama yake mzazi alivyomfundisha kusalimia, ile salamu yetu ndefu ya kuulizana watoto, mvua, mpaka ng'ombe. Akajiwekea sharti. Hatamkosoa mtu kabla ya kumsalimia mpaka mwisho, tena kando, wote wawili wamekaa. Siku za mwanzo alisalimia kama anayefoka. Nkwabi husimulia huku akicheka: "Ananiuliza ng'ombe wangu hawajambo, macho yamemtoka. Na mimi sina hata mbuzi." Lakini salamu ikifika kwenye ng'ombe, hasira ilikuwa imeshapoa. Hapo alisema, "Haya, nioneshe ulivyofanya," wakaenda kurekebisha pamoja. Mtu akikosea tena, salamu tena.

Duara likachimbwa upya, miaka ikapita. Asubuhi moja, watu wameshashuka chini, akaja Mageni anakimbia. Mageni alikuwa msaidizi wa Nkwabi. Jana yake alipanga matimba mabichi, na kabari za kuyakazia hakuzipiga sawasawa. Zamani angenyamaza. Sasa akasema, "Mama, nimekosea, na watu wako chini."

Hapo hapakuwa na salamu. Mama Loveness aliita winchi, watu wakavutwa juu mmoja mmoja, wa mwisho Nkwabi. Nkwabi hajajipangusa vumbi, ardhi ikaguna, duara likajifunga. Wote walikuwa juu. Narudia, wasikilizaji, wote walikuwa juu. Wanawake wa mgahawa wa pale machimboni walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Mageni alijikunyata pembeni, anangoja kufukuzwa. Mama akaenda, akaketi karibu naye. "Mwangaluka, Mageni. Watoto hawajambo?" Mwanaume mzima akaangua kilio. Salamu ilipokwisha, akamwambia, "Nkwabi atakufundisha upya. Ukishajua, wewe ndiye utakayekagua matimba yote." Na ndivyo ilivyokuwa. Mpaka Mama Loveness anafariki, duara lake halijamzika mtu.

Asubuhi ya maziko, wachimbaji wake walikataa mtu mwingine asichimbe kaburi. Mageni ndiye msimamizi. Mchimbaji mmoja, Kalisti, akapindisha ukuta. Kaburi la bosi, jamani, ukuta umepinda kama mkia wa ng'ombe. Nilimwona Mageni amefura, mdomo unafunguka. Kisha akaweka sururu chini, akashuka kaburini, akakaa.

"Mwangaluka, Kalisti. Nyumbani hawajambo?"

Tulicheka huku tunalia. Walisalimiana mpaka kwenye ng'ombe, halafu wakanyoosha ule ukuta pamoja. Mama Loveness alilala mahali palipochimbwa vizuri.

Loveness, ndugu zetu wa Songwa, na ninyi wachimbaji mliompoteza mama, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tulio na watu chini yetu, shambani, dukani, ofisini, hata jikoni, tujiulize usiku wa leo: mtu wangu akikosea kesho, atakuja kuniambia?