Kaburi Nyuma ya Jiko

MHANDISI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Mimi, dada yako. Simu ya jirani hii, yangu imezima. Unanipata?

MHANDISI: Unakatika-katika. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Uko kazini?

MHANDISI: Nipo ofisini, kikao kinaanza sasa hivi. Kwema huko?

DADA: Mama yuko bwawani.

MHANDISI: Bwawani? Kufuata nini?

DADA: Nyumba yetu ya zamani imetoka. Maji yamepungua mpaka kuta ziko nje. Kashuka asubuhi na ufagio, anakwangua tope sebuleni kama mtu anayengoja wageni.

MHANDISI: Kuta bado zimesimama?

DADA: Hata msumari uliokuwa ukitundikia mkoba wako wa shule upo.

MHANDISI: Mtoe. Dada, mtoe huko upesi, maji—

DADA: Hatoki. Kaona kaburi la baba.

MHANDISI: Kaburi la baba liko juu, kijiji kipya. Serikali iliyahamisha yote kabla bwawa halijajaa.

DADA: Ndivyo tulivyoambiwa. Yale mawe matatu aliyoyapanga mama kwa mkono wake yapo palepale, nyuma ya jiko. Hayajaguswa.

(Mkwaruzo wa mtandao.)

MHANDISI: ...sikusikii—

DADA: Nasema hayajaguswa! Na sikupigii kama dada tu. Nakupigia kama mwenyekiti wa kamati ya maji. Tumekaa, tumekubaliana. Maji yasiongezwe mpaka tumtoe mzee.

MHANDISI: Dada.

DADA: Nini?

MHANDISI: Lango la bwawa limefungwa tangu alfajiri.

DADA: Nani kafunga?

MHANDISI: Amri ya makao makuu. Mvua imenyesha milimani, hatuwezi kuiacha ipite bure. Mji uko gizani kwa kukosa umeme, hospitali zinaendeshwa kwa jenereta—

DADA: Usinizingue! Si mlikaa na sisi mkasema lango haliguswi bila kamati kujua?

MHANDISI: Taarifa ilipelekwa wilayani.

DADA: Wilaya inachota maji hapa? Wilaya ina baba humu?



MHANDISI: Maji yamefika wapi?

DADA: Kumbe ndiyo maana... Nilidhani ni tope tu. Yanapanda. Yameshalamba kizingiti.

MHANDISI: Basi ondokeni!

DADA: Vijana wanachimba, shimo limewafika kiunoni. Mama kasema akiondoka leo, anaondoka na mumewe.

MHANDISI: Ngoja. Usikate. (mbali, kwenye simu ya mezani) Chumba cha lango? Pigeni king'ora kwa watu walio mtoni, chini ya bwawa. Wakishatoka kingoni, fungueni... Ndiyo, kwa jina langu. Hapana, mkurugenzi hajui... Nimesema kwa jina langu! (anarudi) Dada?

DADA: Nimesikia. Watakufukuza.

MHANDISI: Mna mpaka jioni. Jioni lazima lifungwe. Chimbeni.

DADA: Subiri, wananiita.

(Majembe. Mtu anasema “taratibu, taratibu.” Kisha majembe yanasimama.)

MHANDISI: Haloo? Dada? Semeni basi!

DADA: Tumemwona.

MHANDISI: Una hakika?

DADA: Chuma cha mkanda wake, kile chenye nyota. Mama kakishika, anakipangusa kwa nguo yake.

MHANDISI: Analia?

DADA: Hapana. Kauliza swali moja tu.

MHANDISI: Swali gani?

DADA: Kule juu, miaka yote hii, tulikuwa tunafagia kaburi la nani?



MHANDISI: Mimi niliona sanduku likishushwa kule juu. Nilikuwa nimeshika mkono wako.

DADA: Wote tuliona. Nani alilifungua?

MHANDISI: Dada, kama la baba halikuhamishwa, basi na ya—

DADA: Usimalizie. Jirani keshapiga ukelele, habari imefika juu. Ungewaona, mdogo wangu. Kilima kizima kinashuka. Wana majembe, wana mashuka. Hakuna anayesema neno.

MHANDISI: Wazuie! Nimewapa mpaka jioni tu!

DADA: Niwazuie kwa maneno gani? Yule wa kwanza ni mama wa yule mtoto aliyekufa kwa homa, unamkumbuka? Keshapiga magoti kwenye tope, anapapasa. Hajui hata ukuta wake ulikuwa wapi.

MHANDISI: Mungu wangu.

DADA: Tena anaimba. Kile kibembelezo cha mtoto wake.

MHANDISI: Nakisikia... Dada, mkurugenzi yuko mlangoni kwangu. Kasikia king'ora.

DADA: Mwambie!

MHANDISI: Nimwambie nini?

DADA: Mwambie jioni haitoshi. Mwambie wako wengi huku— salio la watu linaisha, simu inalia— kaza moyo, mdogo wangu, haya, haya, kwa—

MHANDISI: Dada? ... Haloo?

(Mlio wa simu iliyokatika.)

MHANDISI: Mheshimiwa, karibu. Hapana, lango bado liko wazi. Tafadhali keti kwanza.